Hatujapigiwa ya Kurudi

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi, na kwa sababu hiyo nyumba yetu nzima ilitembea kwa kuanza na mguu wa kushoto. Ngoma yenyewe hairuhusiwi kutoka stoo ya bendi, basi mazoezi ya nyumbani alifanyia kwenye beseni langu la kufulia, amelipindua juu ya kigoda, mkononi ana mwiko. Maisha yangu yote ya ndoa nimefua katika beseni lenye ufa. Nikinung'unika ananijibu kwamba bendi nzima inatembea kwa beseni hilo, kwa hiyo nijione mtu mwenye cheo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Yeye akipiga, mguu wangu kwenye pedali ulimfuata bila kuniomba ruhusa, na mshono ukatoka umenyooka. Binti yetu alijifunza kutembea kwa mapigo hayohayo, ameshika ukingo wa kitanda, anajikokota kuelekea beseni. Alipokua akawa na mdomo mkali hata majirani wakamwita Pilipili, nasi tukabaki kuwa Mama Pilipili na Baba Pilipili.

Mapigo ya gwaride yalikuwa matatu na sote watatu tuliyajua: ya kwenda, ya kugeuka na ya kurudi. Ya kugeuka ni mapigo mawili mazito, kimya kidogo, halafu la tatu peke yake. Likilia hilo la tatu, kila mpigaji anageuka papo hapo alipo, na akishageuka hatikisiki mpaka ipigwe ya kurudi. Siku moja ya sherehe walipigiwa ya kugeuka, halafu mkuu wa itifaki akamkataza mume wangu kuendelea kwa sababu Rais alikuwa anakohoa, anataka kuhutubia. Hotuba ikaingia mchana, mvua ikaja, na bendi nzima ikasimama inatazama ukuta wa choo cha uwanja, imelowa chapachapa, hakuna aliyejikuna. Mume wangu alirudi na mafua na fahari tele. Aliniambia kwamba mpiga bendi anaongozwa na masikio, macho ni ya kutafutia kofia tu.

Mimi alinisifu kwa kila kitu isipokuwa lile pigo la tatu la kugeuka. Kila nilipojaribu kwenye beseni alitikisa kichwa na kuniambia nalikimbiza, kwamba sina subira, kwamba hata mpishi wa jeshi angelisubiri zaidi. Binti alilipiga sawasawa tangu mdogo. Mimi nalikimbiza mpaka leo, na sioni haya kusema.

Rais tulimwita Bado Nipo. Kila hotuba aliimalizia kwa maneno hayo, mkono mmoja juu: "Na mimi bado nipo." Watu walipiga makofi kwa kuwa waliokuwa hawapigi walionekana. Nywele zake zilizidi kuwa nyeusi kadiri alivyozeeka. Mwaka ule bunge lake likapitisha sheria kwamba atakuwepo mpaka Mungu atakapoamua vingine, na Pilipili, aliyekuwa anasomea uuguzi, akaja nyumbani mchana huo amefura.

Alimkuta baba yake mezani, pamoja na Kishindo. Huyu Kishindo alikuwa mpiga matoazi, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa makuruta. Hakuoa, hakujua kupika, na alikula kwetu kwa miaka yote kwenye kigoda chake mwenyewe ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukikalia. Alipenda kucheka. Ukimwambia habari ya msiba atatafuta mahali pa kuchekea kisha atakuomba radhi.

Pilipili alisema kule chuoni wenzake wamepigwa, mmoja amevunjwa taya, na waliowapiga wamevaa sare kama ile iliyotundikwa ukutani kwetu. Baba yake akajibu kwamba yeye hajampiga mtu, yeye anapiga ngoma.

"Unampigia nani hiyo ngoma, baba?" akauliza. "Anaingia uwanjani kwa mguu wa nani?"

Kishindo akatafuta pa kuchekea, hakupata. Mume wangu alisema muziki ni muziki tu. Binti akasema hataikanyaga tena nyumba inayolishwa na Bado Nipo, akaingia chumbani, akatoka na begi begani na beseni langu kwapani, mwiko ndani yake, ili baba asipate pa kufanyia mazoezi. Nilimfuata mpaka njiani nikamwambia aache hasira, na kama anaona vigumu kuacha hasira basi aache beseni. Hakuacha vyote viwili. Nililia siku hiyo, na sikulilia beseni.

Baada ya hapo mambo yalienda kasi. Wanafunzi walikaa kwenye uwanja mkubwa mbele ya ofisi za serikali na hawakuondoka. Wakaja wauguzi, wakaja madereva, wakaja wanawake wa sokoni waliofunga vibanda vyao na kubeba sufuria. Jioni watu waligonga masufuria madirishani, kwanza nyumba moja na kikohozi cha aibu, mwisho mtaa mzima. Simu zikakatwa, redio ikawa inapiga nyimbo za kumsifu na hotuba zake. Ukipita mtu njiani anakuuliza, "Bado yupo?" nawe unajibu, "Bado," mnacheka, kisha mnaangalia nyuma. Nilifunika cherehani. Sare za nani ningeshona, na watoto wote wako uwanjani?

Sisi tulikaa kota za polisi, na pale ndipo tulipoona kwamba Bado Nipo maji yamemfika shingoni. Askari walianza kutoonekana. Huyu mgonjwa, yule kafiwa, mwingine kaenda kijijini kumtazama mama yake aliyezikwa zamani. Hatimaye amri ikaja kwamba bendi nayo itoke. Ala zao zikafungiwa stoo, wakapewa ngao, helmeti na virungu.

Mume wangu alirudi kwa chakula cha mchana na ile ngao, akaiegemeza ukutani, akakaa mbali nayo. Kishindo alikuwa amevaa helmeti kubwa kuliko kichwa. Akagonga ngao mbili kwa pamoja kama matoazi, akasema sauti yake mbaya, hawezi kuipeleka mbele za watu. Nikacheka kwa kuwa nilikuwa naogopa. Mume wangu hakucheka.

Nilimuuliza atafanya nini akimkuta mtoto wake mbele ya hiyo ngao. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema watawaweka nyuma, wao ni watu wa bendi, watashika kamba tu na kuelekeza magari.

"Na wakikuweka mbele?"

"Mama Pilipili," akasema, "sijui." Katika ndoa yetu hakuwahi kuniambia hajui kitu, hata vile ambavyo hakuvijua kabisa.

Kesho yake asubuhi malori yaliwachukua. Nilijifanya naosha vyombo mpaka vumbi lao likatulia, kisha nikavaa viatu vya chini na kwenda uwanjani kumtoa binti yangu. Hilo ndilo lililonipeleka, na nisipewe sifa nisiyostahili. Sikwenda kumng'oa rais. Nilikuwa na mume mmoja na mtoto mmoja, na nilitaka wasionane siku ile.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi barabara za pembeni. Nilipenya kwa viwiko, watu wakinipisha kwa sababu nilikuwa nauliza "Mmemwona Pilipili?" kwa sauti ya mama mwenye hasira, na kila mtu ana mama. Walimjua. Walinielekeza mbele, mbele, na mbele zaidi. Kabla sijamwona nililisikia beseni langu. Kati ya masufuria yote yale nililitambua kwa ule ufa wake, linatoa sauti ya kikohozi mwishoni mwa kila pigo. Alikuwa mstari wa kwanza kabisa, amefunga kitambaa usoni kwa ajili ya moshi, amekonda.

Nilimshika mkono nikamwambia twende. Akaniambia, "Mama, tazama."

Nikatazama. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama, ngao kwa ngao, na watu wa bendi wamewekwa mbele. Nyuma yao, kwenye kivuli cha jengo, walikuwa askari wa kutuliza ghasia wenyewe, wenye bunduki. Mpango ulikuwa wazi hata kwa fundi cherehani: mawe yawapate wapiga filimbi. Nilimwona Kishindo kwa helmeti yake iliyopwaya, na pembeni yake mume wangu, kidevu juu, anatazama mahali pasipo na mtu. Binti yake alikuwa karibu naye kiasi kwamba wangeweza kusalimiana.

Mkuu wa kikosi akapanda juu ya gari na kipaza sauti. Masufuria yakanyamaza ili watu wamsikie. Alisema hilo ni onyo la mwisho, na kwamba akishusha mkono kikosi kitasonga mbele na hakitatazama nani mwanamke na nani mtoto. Akainua mkono. Ukimya ulioingia pale sijawahi kuusikia tena, watu wote wale na unasikia bendera inavyopigwa na upepo. Nilimwona mume wangu akikaza kirungu, kisha akilegeza, kisha akikaza. Nikamwona ameshamwona mtoto.

Sikufikiri. Wakiniuliza huwa wanataka niseme nilifikiri. Nilimnyang'anya Pilipili beseni na mwiko, nikalipindua kwenye goti, nikapiga mawili mazito, kimya kidogo, na la tatu.

Bendi yote ikageuka.

Naapa sijaona kitu cha namna ile. Mstari mzima, kwa mara moja, kisigino kwa kisigino, wapiga tarumbeta na wapiga filimbi na vijana wa ngoma ndogo, wote wakatupa migongo na kuelekeza ngao zao kwa wenye bunduki. Kisha wakasimama, kimya. Waliogeuka walishangaa kuliko sisi. Niliona kijana mmoja akijaribu kutazama nyuma kwa pembe ya jicho, mwili ukamkatalia.

Watu uwanjani hawakujua habari za beseni. Walichoona ni askari wamegeuka, wamejipanga kuwakinga. Sauti iliyotoka pale ilitikisa vioo. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu alinikumbatia akaniangushia sufuria mguuni.

Mkuu wa kikosi aliwaamuru wageuke. Hakuna aliyegeuka. Akashuka garini, akaja mpaka mbele ya mume wangu kwa kuwa ndiye mkubwa kwa cheo pale mbele, akamwamuru yeye peke yake, kwa kumtaja cheo. Mimi nilikuwa nyuma yao, naona kisogo cha mume wangu kilivyoloa jasho. Kelele zilikuwa zimetulia, nikasikia kila neno.

"Afande," mume wangu akasema, "hatujapigiwa ya kurudi."

Alisema kwa adabu kabisa, kama anavyomweleza mgeni utaratibu wa gwaride. Na Kishindo akacheka. Alijaribu kujizuia, nikaona mabega yake yanatikisika, halafu kikamtoka kicheko chake kile kizima cha mezani kwetu, na wengine wawili watatu kwenye mstari wakaambukizwa.

Yule mkuu alimpiga mume wangu kifundo cha mkono kwa kitako cha bastola, kirungu kikaanguka, nasi tukasikia mfupa. Kishindo akawa bado anacheka, sidhani kama aliweza kuacha. Mkuu akamgeuzia bastola akampiga risasi kifuani.

Askari wa nyuma walimjua Kishindo. Kila askari anamjua mpiga matoazi. Alikuwepo siku walipohitimu, alikuwepo siku waliyopewa vyeo, aliwapigia walipozika wenzao. Walimtazama pale chini, helmeti imemtoka, na nikaona bunduki zinashuka moja moja. Sajenti mmoja mnene akatoka kwenye kivuli, akamwendea mkuu wake, akamshika mkono wenye bastola kwa upole, akaitoa. Kisha watu wakavuka barabara, wakapita katikati ya bendi kama maji, na bendi ikabaki imesimama vilevile.

Pilipili alikuwa wa kwanza kufika kwa Kishindo, akapiga magoti, akabonyeza kifua kwa mikono yote miwili mpaka wenzake wakambandua. Halafu akainuka akamfunga baba yake mkono kwa kitambaa alichokuwa amejifunga usoni. Alifunga vizuri, kwa ustadi, macho yake kwenye kifundo tu. Baba yake alimtazama utosini. Gari la hospitali lilipokuja, mume wangu alipanda na rafiki yake, nami nikabaki na beseni langu.

Mengine mmesikia. Habari ya bendi kugeuka ilizunguka mji mzima kabla ya jua kuchwa, imetiwa chumvi mpaka watu wakasema walikula njama kwa mwezi mzima. Kambi moja ikafungua geti, ya pili ikafuata, na mawaziri wakaanza kuugua ghafla. Bado Nipo alipanda ndege na familia yake alfajiri moja. Mtu wa redio hakuambiwa, au hakuthubutu kuamini, basi redio ikaendelea kurusha hotuba asubuhi nzima, "na mimi bado nipo," na watu barabarani wakicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka nami. Kisha nikatazama kile kigoda kando ya meza, kicheko kikaniisha.

Tulimzika Kishindo na watu wengi wasiomjua walikuja. Bendi ilipiga bila ngoma kubwa. Mume wangu alitembea pembeni, mkono kwenye plasta, na bila ngoma miguu yao ilipishana kwenye mchanga, kila mtu na hatua yake. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kifundo kitaunga, ila mkwiro wa kupigia ngoma hataushika tena sawasawa.

Tuliporudi, Pilipili alitangulia kuingia ndani, mara ya kwanza tangu siku ile ya begi. Hakuomba ruhusa wala mimi sikumuuliza. Mume wangu aliishia kwenye ngazi ya mlangoni. Akasimama ametupa mgongo, uso barabarani, ambako watoto walikuwa wanacheza na helmeti za polisi. Nilimwita kula, hakugeuka. Nilimwita tena. Nikatoka nikasimama nyuma yake, na lile nililokuwa nimelimeza tangu uwanjani likanitoka: nikamuuliza kama ananilaumu, maana ni mkono wangu uliowaelekeza kwenye bunduki.



"Wale wengine waligeuzwa na miguu," alisema. "Mimi ndiye mpiga ngoma, miguu yangu haijawahi kumfuata mtu. Nilisikia beseni. Nikasikia la tatu limekimbizwa, nikajua ni wewe. Nilijua unataka nini, ndipo nikageuka." Akafuta pua kwa mkono mzima. "Na ile ya 'hatujapigiwa' niliisema ili Kishindo acheke. Nilisikia anavyopumua pale pembeni, anaogopa. Nikasema acha nimchekeshe."

Nilimshika mgongo kwa kiganja, akaniacha nimshike, lakini hakugeuka. Nikamwambia aingie basi, chakula kinapoa, na akasema kwa sauti ndogo sana kwamba hawezi, hajapigiwa. Hakuwa anatania. Nilimjua mume wangu, angeweza kusimama pale na mvua imnyeshee.

Nyuma yetu, ndani, nikasikia kigoda kinaburuzwa. Kisha nikasikia beseni linapinduliwa. Sikutazama nyuma, niliogopa kuharibu. Pilipili alipiga mawili mazito, akanyamaza. Alinyamaza kwa muda unaotakiwa, muda ambao mimi sikuwahi kuuweza, halafu la tatu likaja mahali pake, na ndipo akaingia kwenye ya kurudi, taratibu, na ule ufa unakohoa kila mwisho wa pigo.

Mume wangu akageuka. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya sare.

"Umelisikia hilo la tatu?" akaniuliza.

Nikamwambia nimelisikia. Akaingia kwa mguu wa kushoto, akamkuta binti yake amepiga magoti mbele ya kigoda cha Kishindo, beseni juu yake, bado anapiga, hajui aache vipi. Baba yake akaweka kiganja kizima juu ya beseni kulinyamazisha, kama anavyonyamazisha ngoma, kisha akakihamishia kichwani pa mtoto. Mimi nikapakua.